Sifa za Anayerudi Kuhesabu

Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali ya kikoloni aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliandika ripoti kuhusu wilaya ya Machakos nchini Kenya. Alikuta vilima vimebaki uchi, makorongo yamepasua malisho, na ng'ombe wamezidi majani. Akahukumu kwamba nchi ya Wakamba inageuka jangwa la mawe na mchanga, na wenyewe wanazama katika ufukara. Serikali iliishika hukumu hiyo. Mwaka 1938 ilianza kuwatwalia watu mifugo kwa nguvu, hadi maelfu ya Wakamba wakafuatana na kiongozi wao, Muindi Mbingu, kwa miguu mpaka Nairobi kumkabili gavana. Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini serikali nayo ililazimika kulegeza kamba.

Jangwa lile halikuja. Anayepanda leo vilima vya Iveti au Mua hukuta matuta yamepangwa ngazi kwa ngazi, miembe na miparachichi ikishika kingo, na mahindi na mbaazi zikishiriki shamba moja. Sifa ya kwanza ni ya waliochimba: wanaume na, zaidi yao, akina mama wa mwethya, yaani vikundi vya kazi ya pamoja, waliochimba mtaro baada ya mtaro na kuurusha udongo upande wa juu, mtindo ambao mpaka leo unaitwa fanya juu. Sifa ya pili ni ya watafiti, wengi wao wanafunzi wa shahada za juu, waliokuja na daftari kupima kilichokuwa kikitendeka. Hao ndio ninaotaka kuwasifu hapa. Bila wao, ripoti ya 1937 ingebaki neno la mwisho juu ya Machakos.

Katika miaka ya 1960 mmoja wao, Judith Heyer, alifanya utafiti Masii, wilayani Machakos, kwa ajili ya tasnifu yake ya uzamifu, aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha London mwaka 1966. Wakati huo ilikuwa rahisi kwa ofisi za kilimo kusema kwamba mkulima mdogo hafuati ushauri kwa sababu hajui. Heyer alianzia kwingine. Alimchukua mkulima kama mtu anayeamua, akaorodhesha alichonacho na kinachombana: ekari, fedha, mvua isiyotabirika, mikono ya kazi. Kisha akatumia mbinu ya hesabu inayotafuta mpango bora wa shamba ndani ya vikwazo hivyo. Hesabu zikaonyesha uzito wa zile wiki chache ambapo mvua imeanza na kila kitu kinadai jembe kwa pamoja, kupanda huku na kupalilia kule. Ushauri wa kitaalamu unaodai mikono zaidi katika wiki hizo haufuatiki, hata uwe mzuri namna gani kwenye karatasi. Kwa hiyo kilichoitwa ukaidi kilikuwa na hesabu ndani yake.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1969, F. N. Owako alikamilisha tasnifu nyingine katika chuo hichohicho cha London, juu ya matatizo ya ardhi na kilimo ya wilaya hiyohiyo ya Machakos. Kazi za namna hii huishia kwenye rafu ambazo wachache hupita, lakini baadaye zikawa msingi ambao wengine walisimamia.

Ugumu wa kazi hii hauonekani mpaka uulize swali dogo: kaya hii ilivuna mahindi kiasi gani msimu wa vuli? Mama wa Mwala hatakujibu kwa kilo. Atasema debe saba, au gunia moja na gorogoro kadhaa, na utahitaji kujua kama gunia lilijazwa hadi shingoni au lilifungwa likiwa limefurika juu ya shingo. Mahindi mengine yalichomwa yakiwa mabichi kabla mavuno hayajahesabiwa. Kunde zilichumwa majani, kisha zikachumwa tena punje. Mbaazi nyingine ziliuzwa mbichi barabarani. Shamba lina mazao matatu kwa wakati mmoja, na dodoso lako linadai ekari ya kila zao. Kazi ya mwethya haikulipwa shilingi, ila ililipwa kwa jembe litakalorudishwa kwa jirani juma lijalo. Mwana aliye Nairobi alituma pesa kwa M-Pesa, nusu ikaenda karo, nusu ikanunua mbegu. Je, hayo ni mapato ya shamba au ya mjini? Kila moja ya maswali haya ni uamuzi, na kila uamuzi hubadilisha tarakimu itakayosomwa na waziri siku moja.

Hata mwaka wenyewe una njia yake ya kuulizwa. Wazee wa Ukambani huhesabu wakati kwa njaa zilizopewa majina, na mdadisi mwenye busara hupima kumbukumbu kwa njaa hizo badala ya kalenda. Njaa ya 1984 inakumbukwa kama njaa ya mtu kufa huku ameshika pesa mkononi, kwa sababu hapakuwa na cha kununua. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1981, mwanauchumi Amartya Sen alikuwa amechapisha kitabu chake maarufu juu ya ufukara na njaa. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba mara nyingi watu hufa njaa chakula kikiwapo, kwa kuwa hawana uwezo wa kukipata. Mwanafunzi aliyemsoma Sen darasani, kisha akamsikiliza mzee akisimulia 1984, ana mambo mawili yanayovutana mikononi. Utafiti huanzia hapo, pale ambapo nadharia yenye heshima inakutana na ushuhuda usioweza kupuuzwa.

Mwaka 1994 kilitoka kitabu kilichoifanya Machakos ijulikane kwa wanauchumi duniani kote. Waandishi wake walikuwa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, huyu wa mwisho kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Walifuatilia wilaya kuanzia 1930 hadi 1990. Walichambua takwimu za kale, wakazungumza na wakulima, na picha zilizopigwa 1937 wakazirudia mwaka 1991 mahali palepale. Waligundua kwamba watu wameongezeka kutoka kama 240,000 mwaka 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na mmomonyoko umepungua. Thamani ya mazao kwa kila mtu ilikuwa takriban mara tatu ya ile ya miaka ya 1930. Kwa aliyelelewa na Thomas Malthus, aliyeonya mwaka 1798 kwamba watu huongezeka kuliko chakula, hilo lilikuwa pigo. Kwa aliyemsoma Ester Boserup, aliyedai mwaka 1965 kwamba msongamano wa watu huwasukuma kulima kwa ustadi zaidi, Machakos ilikuwa ushahidi uliosubiriwa.

Hadithi nzuri kama hiyo ina hatari yake, maana kila mtu huitaka iwe kweli. Sifa kubwa kuliko zote za taaluma hii naiona katika kilichofuata. Mwanafunzi wa Cambridge, John Murton, alikwenda Mbooni, ambako siku hizi ni Kaunti ya Makueni, akaandika tasnifu ya uzamifu iliyokamilika 1997. Hakubisha kwamba matuta yapo. Aliuliza: ya nani? Wastani wa wilaya huficha tofauti ya kaya na kaya. Alipozitazama kaya moja moja, aliona kwamba waliokuwa na kipato cha nje ya shamba, hasa mishahara ya mjini, ndio walioweza kununua ardhi, kujenga matuta na kuboresha udongo. Wasiokuwa na kipato hicho walibaki na vipande vinavyopungua na rutuba inayoshuka. Watu wengi zaidi na mmomonyoko mdogo zaidi, sawa, lakini pengo kati ya jirani na jirani lilikuwa limepanuka.

Basi ni nini hasa kilichoiokoa Machakos? Je, ni wingi wa watu? Ukaribu wa Nairobi, yenye soko na ajira? Kahawa, ambayo Waafrika waliruhusiwa kuilima kwa wingi katika miaka ya 1950? Mahindi ya Katumani yanayokomaa mapema, yaliyozalishwa katika kituo cha utafiti kilicho karibu na mji wa Machakos? Elimu, ambayo wazazi wa Kikamba waliigharimia kwa kuuza mbuzi? Vyote vilitokea pamoja, na kutokea pamoja si kusababishana. Mwanafunzi wa uchumi hutumia miaka akijifunza kutenganisha hivyo viwili. Kazi yake ni kama tuta la fanya juu: halimalizi mteremko, ila hushika udongo wa juu mahali pake mpaka mwingine aje achimbe lake.

Ninawaheshimu wanaoishi maisha hayo. Pendekezo la utafiti hurudishwa na msimamizi likiwa limejaa wino mwekundu, si mara moja. Kibali hutafutwa NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha barua hupelekwa kwa kamishna wa kaunti, kwa chifu, na hatimaye kwa mzee wa kijiji, ambaye asipokukubali barua zote hizo ni bure. Data hurudi na mashimo: kaya iliyohama, umri ulioandikwa mara mbili, mavuno yasiyowezekana katika nusu ekari. Usiku hupita mbele ya kompyuta kusafisha mistari ambayo hakuna atakayeiona. Siku ya utetezi, mtahini huuliza swali moja linalotikisa sura nzima. Anayesimama na kujibu kwa ushahidi, au akakiri mpaka wa ushahidi wake, amefuzu jambo kubwa kuliko cheo.

Eneo letu limejenga nyumba za kazi hii. Muungano wa utafiti wa uchumi barani Afrika, AERC, ulianzishwa Nairobi mwaka 1988. Ulianza mpango wa pamoja wa uzamili mwaka 1993 na wa uzamifu mwaka 2002, ili Mwafrika asilazimike kuvuka bahari kwanza ndipo achunguze kijiji chake. Benno Ndulu, aliyewahi kuuongoza, baadaye alikuwa gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuanzia 2008 hadi 2018. Machakos nayo ina chuo kikuu chake, kilichopata hati kamili mwaka 2016. Tasnifu za Heyer, Owako na Murton zilipewa shahada Uingereza. Zinazofuata zinaweza kuandikwa, kusimamiwa na kutetewa mwendo mfupi kutoka mashamba yanayozungumziwa.

Na maswali hayajaisha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,421,932 katika Kaunti ya Machakos peke yake, baada ya Makueni kutengwa. Mlolongo, Syokimau na Athi River zimemezwa na pumzi ya Nairobi. Mchanga wa mito unachotwa kwa malori kwenda kujengea mji, na visima vya kando ya mito vinalipa gharama ambayo haimo katika bei ya lori. Mashamba yanagawanywa kwa wana na wajukuu. Nani anafaidika, nani anaumia, na kwa kiasi gani? Hakuna anayeweza kujibu kwa kubahatisha kutoka ofisini. Mwaka 1938 tuliona gharama ya kubahatisha, na walioilipa ni wenye ng'ombe.

Nakuomba, kijana unayesoma uchumi Machakos, Nairobi au Dodoma, usiikimbie shahada ya utafiti kwa kuwa ni ndefu na mfuko wake ni mwembamba. Chagua swali ambalo jibu lake linamhusu mtu unayeweza kumtaja kwa jina. Hesabu kwa uaminifu, hata hesabu ikikukatalia ulichotarajia. Kisha ukishavaa joho, rudi kwenye baraza la chifu na uwaeleze waliokujibu maswali, kwa Kikamba au kwa Kiswahili, ulichokiona katika majibu yao. Ni wao waliokupa shahada, na matokeo ni mali yao kwanza.