Nyumba ya jera ndani ya konti 462

Kuna shauri moja linalozunguka sana kati yetu tangu tumalize masomo: fungua SARL yako, usijilipe mshahara mkubwa, usigawe faida, ukope tu pesa ku sosiete yako ununue parsele. Banasema mkopo haulipiwi kodi. Mimi naona shauri hilo ni baya, na wanaolitoa hawajasoma sheria mpaka mwisho.

Tufanye hesabu na viwango vya mwaka 2024. Sosiete imepata faida ya dola 60.000. Jera, ambaye ni mshirika peke yake, anatoa zote, anajenga nyumba kwa jina lake, na mhasibu anaandika: deni la mshirika. Sawa. Lakini mkopo si gharama! Faida haikupungua hata franka moja. Kodi ya faida ni asilimia 30, ndiyo dola 18.000, na DGI itaidai wakati feza yote imekwisha kuwa simenti na mabati. Hapo njo unaona jera anakopa tena, safari hii ku benki au kwa shemeji, ili alipe kodi.

Njia halali ni ghali, sikatai. Toa 18.000, zinabaki 42.000, ukigawa zote (naacha akiba ya sheria pembeni), unakatwa asilimia 20, yaani 8.400. Mkononi: 33.600. Ju ya tofauti hiyo watu wanashawishika, na mutu ambaye benki imemkatalia mkopo mara mbili namuelewa kabisa. Ila deni lisilo na tarehe, lisilo na riba, lisilorudishwa miaka mitatu, mkaguzi ataliitaje? Ataona mshahara au faida iliyogawiwa kwa siri, na adhabu juu yake.

Halafu kuna jambo kubwa kuliko kodi. Nchi yetu iko ndani ya OHADA tangu Septemba 2012. Kifungu cha 356 cha sheria yake ya makampuni kinakataza jera au mshirika wa SARL, kama ni mutu wa kawaida, kukopa kwa sosiete kwa namna yoyote ile. Mkataba ni batili. Usiseme utaandikisha jina la bibi: bibi, bazazi na batoto wamekatazwa vilevile. Kwa SA ni kifungu cha 450. Na kifungu cha 891 kinafanya kuwa kosa la jinai kutumia mali ya sosiete kwa nia mbaya, kwa faida yako, kinyume na masilahi yake. Mshirika kuikopesha sosiete, hiyo inaruhusiwa.

Watoa shauri wengi wameliokota kwa video za Uingereza. Kule mkurugenzi anaweza kukopa, ni kweli. Lakini kwa mkopo wa 2024 usiorudishwa ndani ya miezi tisa baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, kampuni inalipa asilimia 33,75 ya deni, na hairudishiwi mpaka deni lilipwe. Hata huko si pesa ya bure.

Lawama yangu ya mwisho inaenda kwa masomo yetu. Tulifundishwa kudebiti konti 462 kwa mkono wa haraka. Kifungu cha 356 hakikutajwa hata siku moja. Matokeo yake, mhasibu kijana anaandika kosa la bosi wake kwa mwandiko mzuri, kila mwezi, na bilani inalihifadhi.

Wewe unayeshika vitabu vya mutu leo, angalia 462 kabla ya tarehe 31 Desemba. Kama inadai jera, mwambie kwa maandishi arudishe feza ya kweli ku konti ya benki, au kama kuna faida, mkutano wa washirika uigawe na kodi ikatwe. Na ubaki na kopi ya barua hiyo.