Hamali Hapimwi Bila Gunia

Kosa halimo kwenye mashine. Kromatografia ya gesi husoma trimethilamini, kemikali inayonuka samaki, vizuri kabisa. Kosa ni uamuzi wa kupokea kopo moja la mkojo wa asubuhi, mgonjwa hajatia kitu tumboni tangu usiku, kisha kuandika kwamba hana trimethilaminuria, ugonjwa wa mwili kushindwa kuigeuza kemikali hiyo, na kufunga faili. Tuutazame mkojo huo. Mwenye kuuleta alishajua zamani chakula kinachomuumbua. Ameacha mayai, maini, maharage na samaki wa baharini, hasa papa na taa, ambao nyama yao imejaa oksidi ya trimethilamini. Bakteria wa utumbo wanakosa malighafi, trimethilamini inayofika kwenye ini ni kidogo, na kimeng'enya cha FMO3 kinachoigeuza, hata kikiwa dhaifu, kinaimudu. Hamali mgonjwa akitembea mikono mitupu utamdhani mzima. Isitoshe, trimethilamini huchemka kwenye nyuzijoto 3 hivi za Selsiasi. Kopo likiachwa mezani bila kutiwa tindikali wala kugandishwa, sehemu yake huruka hewani, au bakteria huigeuza oksidi kuwa trimethilamini. Jibu linaweza kupotea upande wowote.

Watetezi wa kopo moja watasema kinachosomwa ni uwiano, si wingi: mtu mwenye afya hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya trimethilamini kuwa oksidi isiyo na harufu, na mwenye hitilafu hashindwi kujulikana. Kwa yule ambaye nakala zake zote mbili za kinasaba cha FMO3 zimeharibika vibaya, wana haki; huyo hujitokeza hata kwa mlo wa kawaida. Lakini wengi wanaohangaika wana kimeng'enya kinachofanya kazi nusunusu, na uwiano wao huanguka pale tu mzigo unapozidi. Hilo lilijulikana London tangu miaka ya 1980, watafiti Mitchell na Smith na wenzao walipowanywesha watu miligramu 600 za trimethilamini ili kuwatambua hata wabebaji wa kasoro hiyo wasio na dalili. Walibebesha gunia kwanza, wakapima baadaye. George Preti na wenzake wa kituo cha utafiti cha Monell, Philadelphia, walifanya vivyo hivyo kwa kolini, mojawapo ya malighafi za bakteria hao: kati ya watu 353 waliolalamikia harufu isiyoelezeka, karibu theluthi walikutwa na trimethilaminuria, kwa ripoti yao ya 2011. Sioni leo subira ya namna ile.

Lipo pingamizi zito zaidi: kumlisha kolini mtu anayeteswa na harufu ni kumwongezea mateso, na tumbo linaweza kumsumbua. Ni kweli, lakini ni mateso ya siku moja au mbili, kwa hiari yake, akijua sababu. Wengine wataogopa mzigo kuwapa jibu la uongo watu wasio wagonjwa. Hofu hiyo huondolewa kwa kazi ya kawaida: kuhakikisha anayepimwa hana maambukizi ya njia ya mkojo, kuuliza kama mwanamke yuko karibu na hedhi, maana uwezo wa kugeuza hushuka siku hizo, na kurudia kipimo.

Na jina lenyewe, nimelipinga siku zote. Tangu maelezo ya 1970 ugonjwa huu unaitwa wa harufu ya samaki, na daktari akimnusa mgonjwa kliniki asipate harufu ya samaki, anaamini hakuna kitu. Harufu hii huja na kuondoka, na wachache tu kati ya waliothibitishwa na kina Preti walinuka samaki walipokutana nao ana kwa ana. Pua ya daktari kwa dakika kumi si kipimo, na kopo la tumbo tupu linaungana nayo kumhukumu mtu. Anayeandikiwa kwamba hana ugonjwa haelekezwi mlo, hapewi riboflavini wala mkaa ulioamilishwa wala sabuni yenye pH ya 5.5 hadi 6.5. Anapewa barua ya kwenda kliniki ya akili, na mkojo uliostahili kupimwa baada ya sahani ya papa haupimwi tena.