Fundi wa Mashine ya Maji

Uwanda wa Dodoma una msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mwaka mzuri huleta milimita 600 hivi. Miezi inayobaki watu na mifugo hutegemea kisima kirefu, na kisima kirefu bila mashine ni shimo tu. Mashine ikizimika katika kijiji cha Chamwino au Bahi, habari hufika kila nyumba kabla jua halijazama. Anayesubiriwa hapo ni fundi na mfuko wake wa spana.

Mpango wa maji vijijini wa mwaka 1971 ulikusudia kila mwananchi apate maji safi ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Serikali ilichimba, ikafunga mashine, ikalipia dizeli na vipuri. Fedha zilipopungua, mashine nyingi zilisimama. Sera ya Maji ya 1991, na baadaye ile ya 2002, ziliwakabidhi wanakijiji uendeshaji na gharama zake. Hapa Dodoma, tangu 1991, maofisa wa idara za maji, maendeleo ya jamii na afya, wakishirikiana na WaterAid, walizunguka vijijini katika timu zilizojulikana kama WAMMA. Walikaa na watu mpaka kamati ya maji ikaundwa na mfuko wa maji ukafunguliwa. Tangu hapo fundi amekuwa akifanya kazi mbele ya wenye mali. Fedha anayotumia imetoka kwenye ndoo moja moja, na waliolipia ndoo hizo wamesimama pale wanamtazama. Hatetereki wala haharakishi, na hilo ndilo linalonifanya nimheshimu.

Chukua mashine ya dizeli ya Lister iliyopoteza nguvu. Fundi haanzi kufungua. Kwanza anazungusha hendeli taratibu kwa mkono, mafuta yakiwa yamefungwa, akisikiliza. Mgandamizo ukiwa mzima, mkono hukutana na ukinzani mkali pistoni inapokaribia juu. Ukiwa dhaifu, hendeli hupita kirahisi, na pengine pumzi husikika ikivuja kwenye bomba la moshi. Mlio huo ukitokea upande wa moshi, ameshajua valvu ya kutazama kabla hajalegeza nati hata moja.

Akishaivua silinda hedi, anatandika gunia safi na kupanga kila kitu kwa mfuatano wa kutoka kwake, ili kirudi kwa mfuatano huohuo. Kisha anasaga valvu. Anapaka pesti kidogo kwenye ukingo wake, anaikalisha kwenye kiti, anaizungusha nusu kwenda na nusu kurudi, anainyanyua, anaigeuza kidogo, anaanza tena. Sauti huanza kwa ukwaruzo mkavu, halafu inalainika. Akifuta, anatafuta mduara wa kijivu usiokatika popote. Akiuona bado haamini: anaipanga valvu na springi yake, anamimina mafuta ya taa juu yake na kuacha. Tone moja likipenya upande wa pili, anarudi kwenye pesti. Nimeona mafundi wa mjini wakiruka hatua hii. Fundi wa kijiji hairuki, kwa sababu gharama ya kurudi ni siku nyingine ya kina mama kwenda kuchota maji korongoni.

Ustadi wa pili ni kujua kisichofaa kutengenezwa. Visima vingi vya zamani huku vilifungwa pampu za Mono, zilizotokana na ubunifu wa Mfaransa René Moineau wa mwaka 1930: chuma chenye umbo la msokoto huzunguka ndani ya mpira uliochongwa kwa msokoto wake, na maji husukumwa juu kwa mfululizo. Mpira huo ukiliwa na mchanga, au ukizungushwa mkavu maji yalipopungua kisimani, umekwisha. Hakuna gundi wala kiraka. Fundi mwaminifu hulisema hilo hadharani, huku akiukata mpira mzee ili mweka hazina wa mfuko wa maji autie kidole na kuona ulivyochimbika.

Kuufikia mpira huo ndiko kwenye hatari. Kisima chenye mabomba ya mita 90, kila moja mita 3, kina vipande 30 vya kupandisha kwa winchi na miguu mitatu ya chuma, kipande kimoja baada ya kingine. Kila mara klempu hukaza bomba la chini kabla la juu halijafunguliwa. Klempu ikiteleza, mabomba yote yanaangukia kisimani, na kuyavua kunaweza kushindikana kabisa. Ndiyo maana wakati huo fundi hukataa mazungumzo, na vijana wanaovuta cheni husikiliza sauti yake peke yake. Huangalia nyuzi za kila ungio, zilizolika huweka kando, na hupanga mabomba kwenye magogo ili mchanga usiingie.

Siku hizi sola inaingia kwa kasi, na RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa 2019, unasimamia vyombo vya watumia maji vilivyochukua nafasi ya kamati nyingi za zamani. Mota inazama kisimani ikiwa imefungwa, na kazi ya fundi imehamia kwenye mita ya umeme, nyaya na viungio visivyopitisha maji. Nafurahia dizeli kupungua. Lakini mabomba bado ni yaleyale, na klempu ni ileile, kwa hiyo kijana aliyehitimu umeme wa sola anahitaji pia kukaa miezi na mzee wa winchi, alipwe akiwa anajifunza.

Mashine ikiwaka, watu hushangilia, ila fundi bado hajamaliza. Anapanda kwenye tangi na ndoo ya lita 20, anatazama saa, anahesabu sekunde mpaka ndoo ijae. Anarudia. Kisha anafungua daftari la kisima, analinganisha na kipimo cha mwaka uliopita, anaandika kipya na kipuri kilichobadilishwa, na mweka hazina anabandika risiti ukurasa huohuo.