Donald Knuth na Aya ya Kumi na Sita

Wanafunzi wa kompyuta humjua Donald Knuth, aliyezaliwa Milwaukee, Marekani, mwaka 1938, kwa juzuu za The Art of Computer Programming, ambazo ya kwanza ilitoka mwaka 1968, na kwa TeX, programu ya kupangia chapa aliyoiacha itumiwe bure. Tuzo ya Turing aliipata mwaka 1974. Sisi watumishi wa Neno yatupasa kumpima kwa kitabu kingine, 3:16 Bible Texts Illuminated, alichokitoa mwanzoni mwa miaka ya 1990 akiwa Mlutheri wa kawaida, si mwanatheolojia.

Mbinu yake, iliyoanzia katika darasa la Biblia la usharika wake huko California, ni ya mwanahisabati: atakaye kulijua jambo kubwa asilolimaliza, na achukue sampuli bila kuchagua. Basi akatwaa aya ya 16 ya sura ya 3 katika kila kitabu, akasoma wafafanuzi wengi juu yake. Alipata aya 59. Tito haimo, kwa kuwa sura yake ya mwisho inakoma kwenye aya ya 15. Waandishi wa hati za mapambo, chini ya uongozi wa Hermann Zapf, waliipamba kila aya.

Hapa Mlandege mbinu hiyo yaweza kueleweka vibaya. Afunguaye kitabu kwa kubahatisha hudhaniwa kuwa anapiga ramli, na jirani Mwislamu ana haki ya kutuuliza tofauti iko wapi. Tofauti ipo. Mpiga ramli hutafuta jibu la shida yake. Knuth alijinyima hiari ya kutafuta apendalo. Kwa njia hiyo hakuweza kuikwepa Mwanzo 3:16, juu ya uchungu wa uzazi na utawala wa mume, aya ambayo wahubiri wengi (na tuseme kweli, wa kiume) huipita haraka au huitumia kama fimbo.

Hata hivyo, hesabu yenyewe ina kasoro. Sampuli hutegemea vipimo, na namba za aya hazikutoka kwa manabii. Mgawanyo wa aya za Agano Jipya tulio nao ni wa mchapaji Robert Estienne, mwaka 1551. Katika Biblia ya Kiebrania Yoeli ina sura nne, hivyo Yoeli 3:16 ya kwetu huko ni 4:16. Tena Maandiko si gunia la mpunga, ambalo konzi moja hutosha kuonyesha hali ya mengine. Maombolezo 3:16, yenye meno yaliyovunjwa kwa changarawe, ikisomwa peke yake hukata tamaa. Aya chache mbele huja rehema zilizo mpya kila asubuhi. Knuth alilijua hilo, akatanguliza maelezo ya kila kitabu. Katika darasa letu la usharika ningeanza na aya yake, kisha ningedai sura nzima isomwe kwa sauti kabla ya mtu yeyote kufafanua.