Kanuni za Kupanda kwa Mhusika: Michezo ya Mezani na Jamaa ya Kolwezi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, ukuaji wa mhusika huelezwa kwa istilahi za mhusika bapa na mhusika duara, na hubainika hadithi inapokwisha. Katika mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huvaa uhusika, mambo ni kinyume: ukuaji hutungiwa kanuni kabla hadithi haijaanza. Wengi huziona kanuni hizo kuwa hesabu tu. Mtazamo huo ni finyu, kwani kile ambacho mchezo unakilipa ndicho wahusika watakachokifuata.

Mfano wa msingi ni Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotolewa Marekani mwaka 1974. Humo mhusika hupata pointi kwa kuua mazimwi na, zaidi, kwa kutwaa hazina: sarafu 1 ya dhahabu ni pointi 1. Mpiganaji akifikisha pointi 2,000 hupanda ngazi ya pili, na ngazi huambatana na cheo. Si ajabu kwamba wahusika hao walishinda mapangoni wakipora. Jedwali ndilo lililowatuma. RuneQuest ya 1978 ilishika njia nyingine: ustadi uliotumiwa kwa mafanikio ndio unaoweza kuongezeka, na kadiri mtu anavyoumudu ndivyo unavyokuwa mgumu kuongezwa. Huko hakuna ajifunzaye kufungua kufuli kwa kuua joka.

Pamoja na tofauti zake, kanuni hizi mbili zina dhana moja: mtu hukua peke yake. Dhana hiyo yafaa ihojiwe Kolwezi, ambako kanuni ya kupanda ya namna nyingine iliwahi kufundishwa, tena kwa Kiswahili. Huko, katika miaka ya 1950, Jamaa ilianza miongoni mwa wafanyakazi wa migodi ya Union Minière chini ya padri Mfransisko Placide Tempels. Kitabu chake cha 1945 juu ya falsafa ya Kibantu kilikuwa kimekwisha kudai kwamba nguvu ya uhai wa mtu huongezeka na kupungua kutokana na uhusiano wake na wengine. Mafundisho ya Jamaa, ambayo Johannes Fabian aliyachunguza katika kitabu chake cha 1971, yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke walipitia hatua za kuingizwa pamoja, wakiongozwa na wenzi waliowatangulia; hao wakawa baba na mama yao. Mtu hakuitwa baba kwa kukusanya chochote, bali kwa kuwa wengine walizaliwa kwake.

Jamaa haikuwa mchezo; kinacholinganishwa hapa ni kanuni, si imani. Lakini ikumbukwe kuwa aliyeitwa baba katika Jamaa alikuwa, mchana, mtu wa daraja fulani katika daftari la kampuni, na enzi ya ukoloni vyeo vya juu vilikuwa vya Wazungu. Ngazi hiyo inafanana mno na jedwali la 1974, isipokuwa jedwali halikumzuia mtu kwa rangi yake.

Hata hivyo, kanuni ya uzazi isipambwe. Hesabu ina haki yake: mchezaji mwenye pointi 1,990 anajua amebakiza 10, wala hana haja ya kumbembeleza mwendesha mchezo. Penye hukumu ya waliotangulia, upendeleo hauko mbali. Na usiri wa hatua za Jamaa ulichangia shaka ya viongozi wa Kanisa juu yake.

Suala hili si la nadharia tupu. Mtunzi atakayeandika kwa Kiswahili mchezo wa Kolwezi ya leo, mji mkuu wa jimbo la Lualaba tangu 2015, hataweza kuwakwepa wachimbaji wadogo wa kobalti. Akinakili kanuni ya 1974, magunia yatageuka pointi, na atakayemwacha mwenzake shimoni ili awahi mzani ndiye atakayepanda. Akichukua ya RuneQuest, atapata mchimbaji hodari, basi. Kanuni ya uzazi ingempandisha yule tu ambaye mwanagenzi wake ametoka shimoni salama akiwa na ustadi. Kwa hiyo karatasi ya mhusika ingehitaji nafasi ya jina la mtu wa pili, na dadu zingerushwa na huyo mwanagenzi.