Chini ya Saksafoni ya Gonsalves

Kila anayeisimulia albamu ya Ellington at Newport huanza na namba: 27. Hiyo ndiyo mizunguko ya blues aliyoipuliza Paul Gonsalves, wa bendi ya Duke Ellington, kwa saksafoni yake ya tena usiku wa tarehe 7 Julai 1956, kwenye tamasha la jazi la Newport, Rhode Island. Kila mzunguko una baa 12, kwa hiyo ni baa 324 mfululizo. Kazi hiyo naivulia kofia. Lakini siku hizi sikio langu halikai kwa Gonsalves. Linashuka chini, kwa Jimmy Woode kwenye besi na Sam Woodyard kwenye dramu.

Mpulizaji ana ruhusa ya kuzurura. Atairefusha sauti, ataikata, atanyamaza kidogo avute pumzi. Woode hana nafasi hiyo: mapigo manne kila baa, na kila pigo ni uamuzi, aende juu au chini, akae au ahame. Woodyard anakazia pigo la pili na la nne. Jo Jones, yule mpiga dramu wa zamani wa Count Basie, yuko kando ya jukwaa akiwachochea kwa gazeti lililokunjwa. Mwanamke mmoja aliyevaa gauni jeusi anainuka kucheza, watu wanasimama juu ya viti, kelele zinapanda. Bendi changa ingekuwa imeshatimua mbio. Hawa wawili wanauzuia mwendo usiwaponyoke, na humo ndimo joto lote linamotoka.

Wimbo wenyewe, Diminuendo and Crescendo in Blue, Duke Ellington aliutunga mwaka 1937 kwa vipande viwili. Pale katikati ndipo alipomwachia Gonsalves uwanja. Bahati mbaya, Gonsalves alipulizia kipaza sauti cha redio ya Voice of America badala ya kile cha Columbia, kampuni iliyokuwa ikirekodi albamu. Katika albamu ya 1956 saksafoni inasikika kwa mbali, na sehemu kubwa ya nyimbo nyingine ilirudiwa studio, makofi yakabandikwa baadaye. (Ujanja wa biashara, na ulilipa.) Kanda za redio zilipopatikana, toleo la 1999 liliziunganisha na zile za Columbia, na Gonsalves akasogea karibu.

Wajuzi watakuambia utupe toleo la zamani. Mimi sikubali. Saksafoni ikiwa mbali, wafanyakazi wa chini wanajitokeza: utawasikia wakiitikiana, utamsikia na Ellington mwenyewe akiwapigia kelele za kuwatia moyo. Sikiliza hasa pale Gonsalves anapomaliza. Yeye anapumzika, piano inapokea, kisha bendi nzima inaingia na kupanda ngazi kwa ngazi hadi tarumbeta ya Cat Anderson inapopiga mayowe juu kabisa. Woode na Woodyard hawajapata hata baa moja ya kupumua, na bado hawajaharakisha.