Faith Ringgold Kashona, Kapaka Rangi, Kamaliza!

Jamani, nimeiona *Tar Beach* kwa macho yangu, na hadi sasa moyo unanidunda! Niliijua kwa picha za vitabuni tu, kumbe picha hazisemi hata nusu. Kazi hii ya msanii Faith Ringgold, ya mwaka 1988, mali ya Makumbusho ya Guggenheim mjini New York, ina kimo cha karibu sentimita 190, na kila kona yake inakuita: njoo karibu!

Kwa aliyekulia kwenye kanga, mpangilio wake unaeleweka papo hapo: pindo, mji na jina. Pindo ni viraka vya vitambaa vya maua vilivyounganishwa kwa mshono. Mji ni turubai iliyochorwa kwa rangi ya akriliki. Na maneno yapo, yameandikwa kwenye vipande vyembamba vya kitambaa, juu na chini: hadithi nzima ya Cassie, mtoto wa miaka minane. Amejilaza na mdogo wake juu ya paa la ghorofa, Harlem, usiku wa joto. Wazazi na majirani wako mezani, nguo zimeanikwa. Sasa inua macho: Cassie yuleyule anapaa juu ya Daraja la George Washington! Baba yake alifanya kazi kwenye ujenzi wa daraja hilo, lakini chama cha wafanyakazi kilimkataa kwa sababu ya asili yake. Binti anaruka ili daraja liwe lake. Mwili mzima ulinisisimka!

Halafu tazama ufundi wenyewe. Mshono umepita hadi juu ya rangi, uso wa picha ukainuka na kubonyea, anga la usiku likapata unene. Akriliki ikikauka hubaki laini kuliko rangi ya mafuta, ndiyo maana inavumilia sindano na kukunjwa. Ringgold aliziona thangka, picha za Kibuddha za Tibet zenye pindo la kitambaa, mjini Amsterdam mwaka 1972, akaachana na fremu za mbao, akaanza kuzungushia michoro yake kitambaa. Picha kubwa ikawa kitu cha kuviringisha na kubeba! Mama yake, Willi Posey, alikuwa mbunifu wa mavazi, na mwaka 1980 walishirikiana kutengeneza blanketi la viraka liitwalo *Echoes of Harlem*. Ushonaji wa nyumbani ukaingia makumbusho bila kuomba ruhusa ya mtu.

Uamuzi wangu? Hii ni kazi ya daraja la kwanza. Humu kitambaa hakiipambi picha, wala rangi haikipambi kitambaa. Ondoa kimoja, hadithi inakatika. Asiyeweza kufika New York atafute kitabu cha watoto cha jina hilohilo, cha mwaka 1991. Nanyi wachoraji wetu, piteni kwa fundi cherehani kabla hajatupa mabaki ya vitenge. Chukueni akriliki, chukueni sindano, anzeni leo!